Bethidei ya karantini: Tumemkataza mtoto, tumempa nini badala yake?

 

Ndugu msomaji, hakuna mwaka unaopita bila wazazi kuniuliza suali hili: Je, inafaa Muislamu kumfanyia mwanawe bethidei? Wengi wanaouliza wameshaagiza keki, wanachotafuta kwangu ni ruhusa tu. Jawabu nilikuwa nalo mdomoni siku zote, nikilitoa haraka kama konda anavyotoa chenji. Mpaka Mei 2020, baba mmoja aliponipigia simu akiwa amejifungia chumbani.

Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16 mwaka ule, na shule zikafungwa siku iliyofuata. Misikiti yetu haikufungwa kama ilivyofungwa kwa majirani zetu wa Kenya, lakini mlangoni kulikuwa na ndoo za maji na sabuni, na mitaani harufu ya nyungu ilitoka nyumba hadi nyumba. Ramadhani ya mwaka 1441 ikatukuta katika hali hiyo.

Baba huyu ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Kijana aliyekuwa akimsaidia dukani alishikwa na homa na kubanwa kifua, na yeye akaambiwa akae nyumbani siku kumi na nne asichanganyike na watu. Nyumba yenyewe ni ya kupanga, vyumba viwili. Yeye akachukua kimoja, mkewe na watoto wakabaki na kingine, chakula kikawa kinawekwa mlangoni. Wapo majirani waliomcheka kwamba hana tawakkul. Wangesoma habari za Sayyidna Umar (RA) wasingecheka. Alipofika Sargh akielekea Sham, akaambiwa tauni imeingia huko, aligeuza msafara. Abu Ubayda (RA) alipomhoji kama anakimbia kadari ya Allah, alimjibu kuwa anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Mtume (SAW) naye aliagiza kuwa mtu asiingie penye tauni, na aliye ndani ya mji huo asitoke kuikimbia.

Sasa, siku ya tano ya karantini ile, binti wa baba huyu alikuwa anatimiza miaka saba.

"Ustadhi," akaniambia kwenye simu, "mtoto analia tangu asubuhi. Anataka bethidei yake. Mwaka jana tulimfanyia, wakaja watoto wa mtaa mzima. Mwaka huu hakuna wa kumwalika, na mimi siwezi hata kumpakata. Mama yake anasema wakishafuturu atamuwekea kitu kwenye sahani, wamwimbie kidogo. Inafaa?"

Nikamjibu kama nilivyozoea. Kwamba bethidei haimo katika mafundisho ya dini yetu. Kwamba wanazuoni wakubwa wa zama zetu, kama Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, Allah awarehemu, wameikataza. Kwamba kujifananisha na wasiokuwa Waislamu katika mila zao kuna makemeo. Na kwamba hizi ni siku za Ramadhani, si za mishumaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitika, "Na'am, Ustadhi," akakata simu.

Kwa elimu, sijabadilisha nilichosema. Najua wapo wanaoiona bethidei kuwa ni ada tu, si ibada, na kwamba asili ya ada ni kuruhusiwa. Najua pia kuna wanaotoa hoja kuwa Mtume (SAW) alipoulizwa kuhusu funga ya Jumatatu alitaja kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Mlango huo ukiufungua utajikuta kwenye mjadala wa Maulidi, na ukurasa huu hautoshi (mhariri ananipa nafasi ndogo, na barua za wasomaji najua zitakavyokuwa). Nasema tu kwamba aliyeitolea dalili hadithi ile angeanza na kufunga kabla ya kukata keki.

Lakini jioni ile nilikuwa naandaa darsa ya vijana, nikafika kwenye hadithi ya Anas (RA) iliyomo katika Sunan ya Abu Daud na ya An-Nasai. Mtume (SAW) aliingia Madina akawakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahili. Sisi tunaotoa darsa huitumia hadithi hii kukata: Idi ni mbili, basi. Nimeisomesha hivyo miaka. Siku ile jicho likagota kwenye neno moja la Kiarabu, abdalakum. Mtume (SAW) aliwaambia kuwa Allah amewabadilishia siku zile kwa siku mbili bora kuliko hizo, Idi ya kuchinja na Idi ya kufuturu. Amewabadilishia. Watu wale walikuwa na furaha mkononi, na mkono ule haukuachwa mtupu.

Mimi asubuhi ile nilikuwa nimechukua tu.

Nikakumbuka na habari ya Rubayyi bint Muawwidh (RA), katika Bukhari na Muslim, anaposimulia walivyokuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura. Walikuwa wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, na mtoto akilia njaa wanampa achezee mpaka wakati wa kufuturu. Hawa ni Masahaba wanawake, ndugu zangu. Wanamzoesha mtoto ibada na huku wameshafikiria atalia, na wameshaandaa cha kumtuliza. Walimu wa madrasa zetu wangapi wameshika fimbo, na wangapi wameshika sufi?

Baada ya tarawehe, tulizoswali nyumbani mimi na watu wangu, nikampigia tena yule baba. Nikamuomba radhi kwa haraka yangu ya asubuhi. Kisha nikamuuliza suali ambalo nilipaswa kuanza nalo: Mtoto analilia nini hasa?

Akanyamaza kidogo. Kumbe mtoto wa jirani alikuwa amemwambia dirishani kwamba wenye korona wakishaingia chumbani hawatoki, wanakuja kuchukuliwa na gari. Yule binti akahesabu. Mwaka jana siku ya bethidei baba yake alimbeba mabegani. Ikiwa bethidei itafanyika basi baba atatoka chumbani, na akitoka ina maana hafi. Keki haikuwa na kazi kubwa katika hesabu hiyo. Mkewe ndiye aliyemdadisi mtoto mpaka akayatoa haya, na baba mwenyewe alikuwa ameyasikia mchana ule baada ya kukata simu yangu.

Nakiri nilikosa la kusema kwa muda.

Ndipo tukaanza kuzungumza kama watu. Nikamwambia, ndugu yangu, binti yako ametimiza miaka saba, na huo si umri wa kupita kimya katika Uislamu. Mtume (SAW) ametuamrisha tuwaagize watoto wetu swala wakifika miaka saba. Tena kwa kalenda yetu alishaifikia zamani. Mwaka wa mwezi unapungua kama siku kumi na moja kwa ule wa jua, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katikati ya Mei 2013, mwanzoni mwa Rajabu 1434, alitimiza saba Rajabu iliyopita, kabla hata hatujasikia korona imeingia nchini. Hiyo Mei uliyoishika ni ya kalenda ya shule na cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo huna haja ya kugombana naye juu ya tarehe. Mpe cha miaka saba.

"Nimpe nini nami nimefungwa humu?"

Nikamwambia akae nyuma ya mlango, mtoto akae upande wa pili mbali kidogo, amsimulie siku aliyozaliwa. Allah (SW) katika Surat Maryam ametaja amani juu ya Nabii Yahya (AS) siku aliyozaliwa, siku ya kufa kwake na siku ya kufufuliwa kwake, na Nabii Isa (AS) vivyo hivyo. Kuzaliwa kumetajwa, na hakukutajwa peke yake. Mtoto aliyekwisha kusikia habari za kufa kutoka dirishani anastahiki kuzisikia kwa baba yake zikiwa zimekaa mahali pake, baina ya kuzaliwa na kufufuliwa. Ukimwambia tu "sifi", unamwambia usilolijua.

Alimsimulia usiku uleule. Mvua ya Mei, bajaji iliyogoma njiani, bibi aliyechagua jina, yeye mwenyewe alivyomwadhinia sikioni. Mtoto akauliza maswali mengi kama walivyo. Na katika maswali hayo likatoka moja, alilolipata madrasa: "Baba, mbuzi wangu wa aqiqa alikuwa rangi gani?"

Hakukuwa na mbuzi.

Aliponieleza hilo kesho yake, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Siku ya saba ya mtoto yule hakuwa na fedha, akasema atafanya baadaye. Baadaye duka likakaa sawa, lakini mambo yakawa mengi. Katika miaka hiyo saba alikwishamfanyia bethidei tatu, zenye keki, soda, maputo na mpiga picha. Tulipozijumlisha pamoja kwenye simu, ile ya mwisho peke yake ilikuwa inatosha mbuzi na mchele wake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tuangaliane usoni. Mwezi uliopita nimeletewa kadi ya mwaliko wa bethidei ya mtoto wa mwaka mmoja, ukumbi, mshereheshaji, na kamati ya michango. Mtoto mwenyewe nadhani atakuwa amelala. Sikuuliza kama alichinjiwa, naogopa jibu. Hadithi ya Samura (RA), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, inasema kuwa mtoto yuko rehani kwa aqiqa yake, achinjiwe siku ya saba, anyolewe na apewe jina. Mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Jamhuri ya wanazuoni wanasema ni Sunna iliyotiliwa mkazo kwa mwenye uwezo, na asiye na uwezo hana lawama. Sisi wa mjini tunaachia Sunna hii kwa kusema hali ngumu, kisha tunachangishana kwa ajili ya keki ya ghorofa tatu.

Na sisi tunaowakemea tuna sehemu yetu. Nimehudhuria mawaidha mengi ya kuponda bethidei, mengine nimeyatoa mimi. Sikumbuki hata moja lililomalizika kwa kumuonyesha mzazi namna ya kukaa na mwanawe nusu saa akamwambia habari zake.

Kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafii, aqiqa iliyochelewa muda wake haufungi mpaka mtoto abaleghe. Baba akamtumia shemeji yake fedha kwa simu, akaenda mnadani Vingunguti, akachagua mbuzi mweupe mwenye madoa, akampiga picha ili mtoto apate jawabu la rangi. Alichinjwa kwa shemeji huko Temeke na kupikwa hukohuko, ili pasiwepo na wasiwasi wa chakula kutoka nyumba yenye karantini. Mchinjaji aliambiwa asivunje mifupa, atenganishe kwenye maungio, kama wanavyopendekeza wanazuoni wetu, na alilalamika sana kuwa anapotezewa muda.

Mama akamshonea binti shungi dogo la kuswalia kutokana na kitenge chake. Baba akawa anaswalisha magharibi kutoka chumbani kwa sauti ya kusikika, nao wanamfuata sebuleni, mlango ukiwa wazi kidogo. Ikawa ndiyo mara yake ya kwanza kuswali kwa kuamrishwa.

Kazi aliyopewa yeye ilikuwa kutaja nyumba zitakazopelekewa nyama kwa ajili ya futari, na kaka yake anaandika. Alitaja watoto wote waliokuja mwaka uliopita, mmoja mmoja, nyumba kumi. Kaka akauliza kama wamekwisha. Akafikiri, akasema bado moja, akataja ya yule mtoto wa dirishani.