La Mkuu Chini ya Maji

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumelelewa nayo, lakini Kilifi imeona upande wake wa pili. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, na hao hawakufa kwa kukataa kusikia. Walisikia. Upande wa mashtaka unasema walihubiriwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Mhubiri anayeshtakiwa amekana. Mtu wa Ganda, jirani na Malindi, ambaye kwake Shakahola si jina la gazetini tu, ana haki ya kuapa kwamba hatamtii tena yeyote amwambiaye aupuuze mwili wake: njaa yake, kiu yake, pumzi yake. Nakiheshimu kiapo hicho, ila naona kimevuka mpaka. Kuna utii ulio kinyume cha mwili ambao ni wa akili timamu kabisa, na shahidi wangu ni mtu asiyehusiana na dini hata chembe, yaani mzamiaji mpya anayeshuka ziwani kwa mara ya kwanza na mtungi wa hewa mgongoni.

Tuchukue Ziwa Chala karibu na Taveta, ziwa la maji matamu lililojaa ndani ya kreta ya volkano, nusu Kenya nusu Tanzania. (Ni kwa mfano tu, Chala ina historia yake na mamba.) Mgeni akishuka humo, hisi zake zinaanza kumdanganya mara moja. Kupitia miwani ya maji, jiwe linaonekana kubwa kuliko lilivyo kwa thuluthi moja, na liko karibu kuliko lilivyo. Sauti husafiri majini kwa kasi ya zaidi ya mara nne ya ile ya hewani, kwa hiyo sikio halijui tena mlio umetoka upande gani. Baya zaidi ni pumzi. Silika ya kila kiumbe wa nchi kavu aliye ndani ya maji ni kuibana, na anapohofu huibana zaidi na kukimbilia juu. Kwa anayevuta hewa ya mtungi, hilo laweza kumuua. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni takriban maradufu ya ule wa juu, hivyo hewa iliyojaza mapafu huko chini itataka nafasi mara mbili anapoibuka. Mapafu hayana nafasi hiyo. Hata mita moja au mbili za mwisho zinatosha kuyapasua. Ndiyo maana kanuni ya kwanza anayofundishwa, kabla hajaelewa lolote, ni kwamba asibane pumzi kamwe. Mwili unasema bana, mwalimu anasema pumua, na mwenye haki ni mwalimu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuonya kuhusu ushahidi wa macho kwa mfano wa nyota: jicho huiona ndogo kama sarafu, na hesabu huthibitisha kwamba inaishinda dunia kwa ukubwa. Angezamia, angepata mifano mingine.

Basi kama mwalimu wa kuzamia na mhubiri wote wawili wanasema usiuamini mwili wako, tutawatenganishaje? Jibu jepesi ni kwamba mmoja anasema kweli na mwingine uongo. Jibu hilo halimsaidii mgeni, maana ukweli ndio hasa asioujua bado. Mimi natazama umbo la amri yenyewe. Amri yenye sababu inajua mipaka yake. Mzamiaji aliyefunzwa kwenye bahari ya Malindi akienda Chala na kanuni zake zote kama zilivyo, atakosea. Maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5 na humwinua mtu zaidi. Kwa hiyo mwenye kilo 100 pamoja na vifaa vyake hana budi kupunguza kama kilo mbili na nusu za risasi mkandani, la sivyo atazama zaidi kuliko alivyokusudia. Tena Chala iko karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na majedwali ya muda wa kukaa chini yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hurekebishwa pale ziwa linapopita mita 300 hivi. Mwalimu anayejua kwa nini alisema jambo anajua pia lini aache kulisema. Lakini amri ya kufunga isiyo na kikomo cha ugonjwa, cha umri wala cha siku haina mahali popote inapokiri kwamba hapa sasa imekosea. Dini zenyewe hazikufundisha hivyo: Ramadhani humruhusu mgonjwa na msafiri kula, na kila jioni jua likizama mfungo hufunguliwa.

Mtu ataniambia kwamba mgeni hajui fizikia, kwa hiyo anaamini tu, sawa na muumini wa msituni, na kwamba nimempamba kwa sayansi ya mtu mwingine. Ni kweli, siku ya kwanza anaamini tu. Lakini ameshika geji inayomwonyesha yeye mwenyewe hewa iliyobaki, na geji haimwogopi mwalimu. Mwalimu anashuka naye, anavuta hewa ya aina ileile, na akikosea atadhurika naye. Halafu kuna ishara ya kidole gumba kikielekezwa juu. Anayeionyesha, hata akiwa mgeni kuliko wote, hadaiwi sababu. Wenzake wote wanaibuka naye polepole, na maswali yataulizwa ufukoni. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Uchunguzi wa maiti za Shakahola ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa. Penye kunyongwa, mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa, na imani inayohitaji mlango ufungwe imekwisha kujitilia shaka yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la mcha Mungu mwenyewe. Atasema Mungu si mwalimu wa kuzamia, hatoi majedwali, na Ibrahimu aliamriwa kumchinja mwanawe bila kupewa sababu wala geji. Sina nia ya kuipunguza hadithi hiyo. Naomba tu isomwe yote. Katika Biblia mkono ulizuiwa kabla kisu hakijashuka. Katika Kurani, Ibrahimu hakumkamata kijana usingizini. Alimweleza alichokiona ndotoni, kisha akamtaka shauri, na kijana akajibu kwa kinywa chake. Hata amri iliyotoka juu ilipitia kwanza kwenye ridhaa ya yule ambaye ingemgusa. Miongoni mwa waliofukuliwa Shakahola walikuwamo watoto wengi. Hao hakuna aliyewataka shauri.