Njaa ya Saa Tisa

Kuna njaa mbili, na hapa kambini tunaziita kwa jina moja. Ya kwanza inakaa tumboni. Ukiipa ugali, hata wa chumvi tu, inanyamaza. Ya pili inakaa mdomoni, na inakuja kwa saa: kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, wakati jua limeganda juu ya maturubai na hakuna mtu mwenye pa kwenda. Hiyo haitaki ugali, hata ukiipakulia. Inataka karanga, andazi, kipande cha muhogo wa kukaanga, muwa, kitu cha kutia mdomoni, halafu kingine, halafu kingine tena. Ni hiyo ya pili ninayotaka tuiongelee. Swali langu ni hili: je, ni halali kumwambia mtu anayeishi kwa posho ajizuie? Na kama ni halali, nani wa kumwambia?

Najua baadhi yenu mtacheka. Kula kwa sababu ya kukaa bure, mtasema, ni shida ya watu wenye friji. Jirani yangu mmoja alinijibu hivyo hivyo: "Sisi tujizuie na nini? Tumeshazuiwa." Jibu zuri, na nitalirudia baadaye. Lakini pita sokoni hapa Nyarugusu saa tisa uangalie. Walionunua andazi saa hiyo si wote wenye njaa. Wengi wametoka kula nyumbani. Na pesa ya andazi imetoka wapi? Mara nyingi imetoka kwenye kikombe cha unga kilichouzwa, au mafuta, au zile njegere ambazo watoto wamezichoka. Tufanye hesabu ya mfano tu. Andazi la shilingi 100, mawili kwa siku, siku 30, ni shilingi 6,000. Kwenye nyumba isiyo na mshahara hiyo si pesa ya kuchezea. Posho ni ya mwezi, na gunia halijui kwamba wewe ulikuwa umechoka kukaa. Likiisha siku ya ishirini na mbili, limeisha kwa wote, hata kwa mtoto ambaye hakuonja karanga moja.

Kwa hiyo jambo la kutafunatafuna, ambalo kwa tajiri ni suala la suruali kubana, kwetu ni suala la haki ndani ya nyumba. Ndiyo maana naliandikia.

Lakini kabla ya kumlaumu mtu, sikiliza habari hii. Mwishoni mwa 1944, vita kuu ya pili ikiwa bado inaendelea, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kiliwachukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri zao. Walijitolea wenyewe. Ancel Keys, mtaalamu aliyewasimamia, alitaka kujua mwili uliokonda kwa njaa unarudishwaje, kwa sababu Ulaya ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo. Basi kwa karibu miezi sita vijana wale walilishwa kama kilokalori 1,600 kwa siku. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, hilo lilitegemewa. Kilichoshangaza ni vichwa vyao. Chakula kiliwaingia kwenye mawazo mchana na usiku. Watu ambao hawakuwahi kupika walianza kusoma vitabu vya mapishi. Waliongeza maji kwenye chakula ili kionekane kingi, wakala taratibu sana, wakalamba sahani, wakatafuna chingamu kupita kiasi. Na walipoanza kulishwa tena, wengine walikula na kula na bado wakasema hawajashiba. Hawa walikuwa vijana wenye afya, wenye msimamo kiasi cha kukataa vita.

Kiwango ambacho mashirika hutumia wakati wa dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2023 posho ya kambi za huku Kigoma ilishuka mpaka nusu. Gawanya mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu mfanyakazi wa shirika, ukija na bango lenye picha za makundi ya vyakula ukatuambia tuepuke vitafunwa visivyo na lishe, ujue unaongea na watu ambao midomo yao imefundishwa na upungufu. Mtu aliyepungukiwa muda mrefu hupita mbele ya karanga kama mtu aliyefiwa anavyopita mbele ya kaburi. Hawezi kutogeuka. Huo si ulafi.

Na bado, habari ya Minnesota haimalizi neno. Ingekuwa ni upungufu peke yake, basi siku yenye njaa zaidi ndiyo ingekuwa siku ya kutafuna zaidi. Sasa angalieni siku ya posho yenyewe. Tunaamka saa kumi za alfajiri. Tunapanga foleni, tunaitwa, tunagombana kidogo kuhusu nani yuko mbele ya nani, tunabeba, tunagawana magunia kwa vikombe, tunahesabu, tunarudi kuhesabu tena. Wengi hawatii kitu mdomoni mpaka giza linaingia. Tumbo linalia, ndiyo. Lakini ile njaa ya mdomo haiji kabisa. Umeshamsikia mtu kwenye foleni ya posho akisema anatamani tu kitu cha kutafuna? Mimi bado. Ni vivyo hivyo siku ya msiba, watu wakichimba na kupika na kupokea wageni, na siku vijana wana mpira. Kumbe ile ya saa tisa haifuati chakula kilichopungua. Inafuata kazi iliyopungua.

Kuna bibi mmoja Mbembe, jirani yetu, ambaye yuko hapa tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Anakaa mlangoni na kisahani chake cha karanga. Nilimuuliza kwa utani, "Bibi, karanga hizo hazikuchoshi?" Akasema, "Mwanangu, mimi sili karanga. Ninasukuma mchana." Sijasoma kitabu kilichoeleza jambo hili kwa ufupi zaidi.

Vitabu vipo lakini. Seneca, Mroma wa zamani, alifukuzwa akapelekwa kisiwa cha Corsica mwaka 41, akakaa uhamishoni miaka minane. Baadaye alirudi, akawa tajiri mkubwa, akamwandikia rafiki yake ushauri kwamba kila mara atenge siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo duni, ili ajionee kwamba umaskini hautishi hivyo. Nampenda Seneca, lakini hapo namwona kama mgeni anayelala kambini usiku mmoja akapiga picha. Njaa ya zoezi ina tarehe ya mwisho, na mwenye kulifanya ndiye mwenye kalenda. Mwingine, Epictetus, alizaliwa mtumwa, akaja kuwa huru, kisha mfalme Domitian akawafukuza wanafalsafa Roma, naye akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Mkimbizi mwenzetu, kwa kifupi. Yeye hakuwafundisha wanafunzi wake kwamba wanaweza yote. Aliwafundisha kutenganisha kwanza: kipi kiko mikononi mwangu, kipi hakiko.

Tutenganishe basi. Posho haiko mikononi mwangu. Kutoka nje ya kambi kutafuta kibarua bila kibali, sheria hairuhusu. Hapo jirani yangu alisema kweli: tumeshazuiwa. Anayetuhubiria kiasi bila kuongelea mchana ulivyonyang'anywa kazi, anatuomba tuponye kidonda ambacho yeye ameshikilia kisu chake. Samahani kwa ukali. Lakini kikombe cha unga kinachotoka kwenye gunia saa tisa, hicho kiko mikononi mwangu. Na nikisema "siwezi, mimi ni mkimbizi", nimeongeza uzio wa pili ndani ya ule wa kwanza, na huu nimeujenga mwenyewe.

Jambo la kufunga linanifundisha hapa. Majirani zangu Waislamu wananiambia kwamba katika Ramadhani saa tisa ni ngumu kwa kiu, lakini mdomo hausumbui kwa ule uchu wa kutangatanga. Wakristo wanaofunga Kwaresima wanasema karibu hayo hayo. Nadhani ni kwa sababu siku imepewa mlango. Kuna magharibi mbele yako, na watu wote mtaani wanaelekea huko pamoja. Siku ya kawaida ya kambini haina mlango. Ni uwanja tu, na mtu katikati ya uwanja huokota chochote.

Sisemi tuache karanga. Kuna karanga za benchi, zile mtu anazimimina mkononi mwako kabla hujasema hodi, mkaongea habari za Fizi na Uvira mpaka jua linashuka. Hizo ni salamu, si kitafunwa, na anayezihesabu ana roho ndogo. Tofauti naipima hivi: kama mtu akipita sasa hivi, nitamwambia karibu? Yule anayekula kwa kuchoka na siku, mara nyingi mkono unaingia chini ya kitenge mtoto akitokea. Hapo si lazima uulize mtaalamu.

Na tuelewane: haya yote ni kwa watu wazima. Mtoto mdogo, mama mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa aliye kwenye dawa, hao wapewe uji na chochote kilichopo, saa yoyote. Mtu asije akachukua maandishi haya kumnyima mtoto andazi.

Kwetu nyumbani tumejaribu mambo madogo. Unga wa wiki unapimwa siku ya posho na kufungwa peke yake, mbele ya watoto, ili kila mtu ajue ukichukua unachukua wiki gani. Saa nane tunakunywa chai ya rangi, wote, tumekaa, hata kama haina sukari. Na tumeupa mchana kazi: shangazi anasuka mikeka, mimi nawafundisha watoto wa mtaa kusoma mpaka saa kumi na moja, bila malipo, kwa ubao uliotengenezwa na mlango wa zamani. Uchu haujafa. Wiki ya mwisho ya mwezi unarudi na ndugu zake. Lakini kwenye ubao ule, saa tisa inapita nikiwa katikati ya silabi, na mara nyingi nagundua kwamba imepita wakati watoto wanapoanza kukusanya daftari.

Ndugu wa mashirika, mna fomu inayouliza jana tulikula nini na mara ngapi. Ni swali la maana. Ongezeni mstari mmoja chini yake: jana, kati ya saa nane na saa kumi na moja, ulikuwa unafanya nini?