Tofi za Vipeholm

Katika mji wa Lund, kusini mwa Uswidi, palikuwa na hospitali iliyoitwa Vipeholm. Waliolazwa humo walikuwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, wengi wao wasioweza kusema wanachotaka wala kukataa wasichokitaka. Katika miaka ya 1940, meno mabovu yalikuwa yameenea Uswidi nzima na serikali ilitaka kujua chanzo. Watafiti wakaiona Vipeholm kuwa mahali panapowafaa: wagonjwa hawatoki, chakula chao kinajulikana, na vinywa vyao vinaweza kukaguliwa mwaka baada ya mwaka.

Wagonjwa wakapewa sukari. Wengine waliipata wakati wa mlo, ndani ya mkate au katika kinywaji. Wengine walipewa tofi baina ya milo, 8 kwa siku au 24 kwa siku, zilizotengenezwa makusudi ziwe za kunata ili zigande menoni. Wenye viwanda vya sukari na peremende walichangia gharama. Ridhaa ya wagonjwa haikuombwa, na hata ingeombwa, wengi wasingeweza kuitoa. Huo ulikuwa udhalimu, na manufaa yaliyofuata hayaufuti.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, yakihusu wagonjwa 436. Sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliharibu meno kidogo tu. Waliotafuna tofi baina ya milo meno yao yalioza kwa kasi, na tofi zilipoondolewa kasi hiyo ikashuka. Waswidi wakashauriwa kuwapa watoto peremende mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi, desturi ambayo ipo mpaka leo. Kila mtoto wa Kiswidi anayeingoja Jumamosi yake ana deni kwa watu wale.

Sababu yenyewe iko ndani ya ukoga. Bakteria wanaoishi humo hula sukari na kutoa asidi, na pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate huipunguza makali asidi hiyo na kulirudishia jino madini, ila yanahitaji muda, nusu saa au zaidi. Anayekunywa soda pamoja na chakula cha mchana ameyaachia mate saa nyingi za kufanya kazi. Anayeinywa funda kwa funda tangu asubuhi hadi alasiri hajayapa nafasi, ingawa chupa ni ileile. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayemung'unya ubuyu wa sukari kutwa. Aliyelazwa na chupa ya maziwa matamu ana hatari kubwa zaidi, maana usingizini mate hupungua sana.

Lakini Vipeholm walikuwapo pia waliokula tofi nyingi na meno yao yasitoboke. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa daktari. Bo Krasse, mmoja wa walioshiriki utafiti ule, mwaka 1985 alitoa kitabu cha kuwafundisha madaktari wa meno kupima hatari ya kila mgonjwa kwa nafsi yake. Je, kuna jino lililotoboka hivi karibuni? Hiyo ni dalili nzito kuliko nyingi. Anakula au kunywa kitu kitamu mara ngapi kwa siku? Anatumia dawa zinazokausha mate? Anapiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi? Kliniki inayong'oa jino na kumruhusu mgonjwa aende bila kumuuliza lolote imetibu maumivu na kuuacha ugonjwa, na mgonjwa huyo atarudi na jino jingine.

Wasioweza kujibu wenyewe ndio wa kuangaliwa kwanza: watoto wachanga, wazee waliopoteza kumbukumbu, watu wenye ulemavu kama wale wa Lund. Hapo aulizwe anayewalea. Dawa ya maji anayompa mgonjwa kila usiku ina sukari? Nani humsafisha meno? Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele inatosha, asubuhi na usiku, mtu mzima akishika mswaki mwenyewe. Baada ya mswaki wa usiku asipewe kitu kingine ila maji.