Bata Anatudai Nini?

Katika Kiswahili cha mitaani, bata ni starehe. Mtu akisema wikiendi hii anakula bata, hakuna anayemuuliza kachinja wangapi. Tunaelewa kwamba anakwenda kutumia pesa, kucheka na kujipumzisha. Ajabu ni kwamba bata mwenyewe, yule wa manyoya, hatumfikirii kabisa kama kiumbe anayeweza kuwa na raha au kuikosa. Ndiyo maana swali ninalotaka tulijadili linaweza kuonekana la mzaha: bata uliyemfuga akiugua, au akinyong'onyea tu na kukataa kula, anakudai nini? Dawa? Kisu? Au hakudai kitu, kwa kuwa ni bata?

Swali lenyewe sikulitoa vitabuni. Nyumbani kwa dada yangu, Morogoro, kulikuwa na bata watano wa aina ile tunayoijua wengi wetu, weusi kwa weupe, wenye nyama nyekundu usoni, ambao madume yao hayalii bali hufoka kama pampu ya baiskeli. Wanne waliondoka mmoja mmoja kwa njia ya kawaida: mgeni, sikukuu, mgeni tena. Wa tano alisalimika kwa sababu mpwa wangu, wakati huo ana miaka tisa, alimpa jina. Alimwita Madoa. Na jina ni kinga kubwa, jamani. Ukishamwita kiumbe kwa jina akageuza shingo kukutazama, habari ya sufuria inakuwa ngumu.

Kwa heshima hiyo mpya, Madoa alihamishwa kutoka nyuma ya nyumba, kwenye tope na mfereji wa maji ya bafuni, akaletwa ua wa mbele, kwenye sakafu ya saruji inayofagiwa asubuhi na jioni. Akapewa bakuli safi la maji ya kunywa. Akapewa mkate. Akawa anamfuata yule mtoto kila aendako, mpaka majirani wakawa wanakuja kutazama. Baada ya miezi michache akaanza kuchechemea. Kisha akawa anasimama kwa mguu mmoja kando ya ukuta, mkia umeshuka, manyoya yametutumka, chakula hataki.

Wenye kufuga ndege wanajua kwamba ndege akionekana mgonjwa, basi ameumwa siku nyingi. Kiumbe anayewindwa hatangazi udhaifu wake, maana mwindaji humtafuta aliye dhaifu. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa binadamu methali hiyo ni onyo. Bata hana namna nyingine ya kuishi. Kwa hiyo kazi ya kuuona ugonjwa wake ni ya anayemfuga, wala hawezi kusubiri aambiwe.

Mama yetu, ambaye watoto humwita Bibi, hakuhitaji kutafakari. "Mchinjeni leo," alisema. "Akifa mwenyewe ni kibudu, mtakuwa mmekosa nyama na mmemtesa bure."

Mpwa wangu akauliza, "Bibi, na wewe mguu ukikuuma tukuchinje?"

"Mimi siliwi," Bibi akajibu, na sote tukacheka, yeye akiwa wa kwanza.

Ni rahisi kwa msomaji wa mjini kumwona Bibi kuwa na moyo mgumu. Mimi simwoni hivyo. Hebu isikilizeni hoja yake: ina mambo mawili, kutotupa chakula na kutoyarefusha maumivu. Hilo la pili lina wakili mkubwa. Jeremy Bentham, Mwingereza, aliandika katika kitabu chake cha 1789 kwamba tukitaka kujua namna ya kuwatendea wanyama tusiulize kama wana akili au kama wanasema, tuulize kama wanaumia. Wengi humtaja Bentham kwa sentensi hiyo wakasahau kwamba palepale hakukataza kula nyama. Aliona kwamba kifo tunachowapa huweza kuwa cha haraka na chenye maumivu machache kuliko kile ambacho kingewapata porini. Bibi na Bentham wangekaa mkeka mmoja wakaelewana.

Bwana mifugo alipoitwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mnao wangapi?" Akaambiwa mmoja. "Mmoja?" Akalitazama begi lake kama mtu aliyebeba shoka kuja kukata ukucha. Dawa zake huuzwa kwa kufikiria banda zima, unachanganya kwenye maji wanakunywa kuku mamia. Alitoa tahadhari mbili. Kwanza, matibabu yangeweza kuzidi bei ya bata mwenyewe. Pili, ikibidi kumpa dawa ya kuua vijidudu, asiliwe, wala mayai yake yasiliwe, mpaka siku za kusubiri zipite ili dawa itoke mwilini.

Hiyo tahadhari ya pili nimeifikiria sana. Kumbe kuna dakika ambayo bata anatoka rasmi katika orodha ya mboga na kuingia katika orodha ya wagonjwa, na huwezi kuwa na orodha zote mbili kwa wakati mmoja. Ukimpa dawa, umeamua. Na ukiamua, lazima ujue kwa nini.

Jibu la kwanza linalokuja mdomoni ni hili: kwa sababu tunampenda. Lakini mapenzi ni msingi dhaifu. Mtoto wa miaka tisa anampenda bata mwaka huu. Mwakani atapenda mpira. Je, deni linafutika siku hiyo?

Jibu la pili ni la Immanuel Kant. Katika mihadhara yake ya maadili Kant alisema kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Anatoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake mpaka akazeeka: bwana huyo anapaswa kumtunza mpaka afe, lakini si kwa kuwa anadaiwa na mbwa, bali kwa kuwa akimpiga risasi atakuwa ameuumiza utu wake mwenyewe. Anayezoea ukatili kwa mnyama atauhamishia kwa watu. Wazazi wengi wetu tunafundisha hivyohivyo: usimtese paka, utakuwa mtu mbaya. Si uongo. Ila ukiangalia vizuri, kwa Kant bata ni daftari la mazoezi tu. Mguu unaouma ni wa bata, faida ni yangu. Tena mtu anayejiona ameshakomaa utu wake hahitaji tena mazoezi. Huyo tutamwambia nini?

Jibu ninalolikubali nililipata mahali ambapo sote tumepita tangu madrasa au kwa kusimuliwa na majirani: Hadithi ya Mtume, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Angalieni kosa lilivyoelezwa. Hatuambiwi kwamba hakumpenda paka. Hatuambiwi kwamba paka alikuwa na thamani. Kosa ni kumfunga na kisha kutompa kile ambacho kifungo kimemzuia kukitafuta. Paka aliye huru hakudai chakula. Paka uliyemfungia mlango anakudai, kwa sababu mlango ni wako.

Hapo ndipo ninaposimama. Deni letu kwa mnyama tunayemfuga linatokana na kile tulichomwondolea. Halipimwi kwa bei yake sokoni wala kwa joto la mapenzi yetu. Linapimwa kwa urefu wa kamba. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na aliyefunga kamba ndiye anayeulizwa.

Sasa tumrudie Madoa kwa kipimo hicho, na mambo yanageuka kichwa chini. Bwana mifugo alimgeuza, akaonyesha wayo: katikati palikuwa na kigaga cheusi, na kuzunguka kigaga pamevimba. Mguu wa bata umeumbwa kwa maji, tope na majani. Ukimweka siku nzima kwenye saruji, uzito wote unakaa juu ya ngozi laini, inachubuka, vijidudu vinaingia, panatunga usaha. Macho yake pia yalikuwa na tongo, kwa kuwa bata husafisha macho na pua kwa kuzamisha kichwa chote, na lile bakuli zuri lilitosha mdomo tu. Mkate humjaza bata tumbo bila kumjenga. Na zaidi ya yote, bata ni ndege wa kundi. Hula, hulala na huoga pamoja na wenzake. Madoa alikuwa peke yake.

Yaani wale wanne walioliwa, mpaka siku ya kisu, walikuwa na tope, maji, konokono na wenzao. Aliyependwa ndiye aliyenyang'anywa vyote hivyo, na kila kimoja kwa jina la heshima. Sisemi haya kumlaumu mtoto. Alimpa bata kile ambacho yeye mwenyewe angefurahi kupewa. Lakini kumpa mwenzio unachokipenda wewe, bila kuuliza yeye ni nani, ni jambo tunalolifanya sana hata kwa watu. Tunamtoa mzazi kijijini tukamweka kwenye chumba chenye vigae na televisheni, kisha tunashangaa mbona hali.

Wapenzi wa fasihi wanakijua kisa cha Hans Christian Andersen cha mwaka 1843 kuhusu kinda wa bata aliyechekwa kwa ubaya wa sura. Wengi tunakumbuka mwisho tu, pale anapojikuta ni bata maji wa fahari. Mimi napenda zaidi sehemu ya katikati. Kinda anapokewa kwenye kibanda cha bibi kizee anayeishi na paka na kuku. Kuna joto. Kuna chakula. Lakini anatamani kuogelea, na anaposema hivyo, kuku anamwona amerukwa na akili: huna kazi ndiyo maana unawaza upuuzi, jifunze kutaga au kukoroma kama paka. Kuku yule si mbaya. Anasema kwa nia njema kabisa. Shida yake ni moja, hawezi kuamini kwamba kuna kiumbe ambaye raha yake si raha ya kuku. Baadaye mkulima anamwokoa kinda kwenye barafu na kumpeleka nyumbani kwake. Watoto wanataka kucheza naye, naye kwa hofu anarukia maziwa na unga. Katika kisa kizima, wema wa wengine unamhifadhi hai. Kinachomponya huzuni ni maji na wenzake.

Tiba ya Madoa ikawa nafuu kuliko tulivyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa ni kurudisha. Mguu ulioshwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, ukapakwa dawa na kufungwa kitambaa, kikibadilishwa kila siku. Akarudishwa nyuma ya nyumba, safari hii kwenye maranda makavu na kivuli. Likatafutwa karai la kuzamisha kichwa, maji yakibadilishwa, maana maji yaliyolala na kuoza nayo ni hatari kwa bata. Dada akanunua majike wawili kwa jirani. Baada ya siku kadhaa Madoa alikuwa anakula. Mguu ulinywea, ingawa mpaka leo anachechemea kidogo.

Na akaacha kumfuata mtoto. Anaitwa, anageuza shingo, kisha anaendelea na wenzake. "Mjomba, hanijui tena," mpwa wangu aliniambia kwenye simu, na sauti ilikuwa ya kulia. Sikuwa na neno la kumfariji haraka. Konrad Lorenz, aliyepata Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alijulikana kwa vifaranga vya bata bukini vilivyomfuata kama mama kwa sababu yeye ndiye waliyemwona mwanzo. Picha zake zinapendeza. Lakini kifaranga hufuata kwa kuwa hana mwingine wa kumfuata, na bata mpweke vilevile. Kilichoonekana kwetu kama mapenzi, huenda kwake kilikuwa ni uhaba.

Najua swali linalofuata, na ni la haki: mbona kuna watoto wa watu wasio na dawa, nanyi mnamwosha bata mguu? Nalijibu hivi. Kumsaidia mtoto wa jirani ni wajibu pia, tena mkubwa zaidi, na asiyeutimiza asijifiche nyuma ya bata. Lakini mwenye madeni mawili halifuti dogo kwa kutaja kubwa. Na anayetumia hoja hii kukataa maji ya karai, mara nyingi hizo pesa hazipeleki kwa mtoto yeyote. Anaenda kula bata, kwa maana zote mbili.

Wala sidai kwamba kisu hakina nafasi. Kama wayo ungekuwa umeoza mpaka mfupani, Bibi angekuwa sahihi, na kuchelewa kungekuwa ni kumtesa bata ili mtoto asilie. Kuna siku deni hulipwa kwa kifo cha haraka. Ila isiwe siku ya kwanza, kabla hata hatujamrudishia maji.

Mwenye kufuga ajiulize mapema: nimeondoa nini, na ninaweza kukirudisha? Kama jibu ni hapana, kama ua ni saruji tupu na nafasi ni ya ndege mmoja, basi wema pekee uliobaki ni kutomchukua. Kama jibu ni ndiyo, tuandae karai na tuwatafute wenzake. Tena tuwe tayari kwamba akipona, huenda hatatuhitaji sana.