Kumlilia Mtu Usiyemjua

Soma 2 Nyakati 35:23–25.

Novemba 26, 2012, mchekeshaji Sharo Milionea alifariki katika ajali ya gari wilayani Muheza. Jirani hapo, Korogwe na Handeni, kama kwingineko nchini, walilia hata watu waliomwona kwenye runinga tu.

Wapo waumini wanaoyaita machozi ya namna hiyo upuuzi, au hata ibada ya wanadamu. Wamekosea. Yosia alipokufa, Yuda yote na Yerusalemu waliomboleza, na Yeremia akamtungia maombolezo. Wangapi kati yao walikuwa wamewahi kuketi na mfalme? Hakuna aliyekemewa. Mtu aliyekuchekesha jioni, baada ya kutwa nzima kwenye mkonge, amekutendea wema hata kama hakujua jina lako. (Mhubiri 9:5 inabaki palepale: marehemu hasikii kilio hicho.)

Tena mara nyingi kilio hicho ni cha msiba mwingine. Mama aliyemzika mwanawe bila kupata nafasi ya kulia, kwa kuwa wageni walitaka chakula, huja kulia redio inapotangaza kifo cha msanii.

Ila msiba wa mtu maarufu haudai kitu. Hauombi kuni wala rambirambi. Handeni, ambako maji hupatikana kwa taabu, kumpelekea mfiwa ndoo moja ni kazi, na kazi hiyo haifanyiki kwa simu.

Jadilini: Ni nyumba gani yenye msiba mtaani kwenu ambayo darasa lenu halijafika?