Jirani wa Mtengeneza Sabuni

Wahenga walisema: Vyaelea, vimeundwa. Mtu aonaye jahazi likielea hukumbushwa kwamba ni kazi ya mikono ya fundi. Leo napenda tuigeuze methali hiyo kidogo, tuulize hivi: jahazi likizama kwa ubao mbovu, fundi ana deni gani kwa waliokufa maji? Je, ana deni kwa yule tu aliyemlipa fedha, au kwa kila abiria, hata asiyemjua kwa sura wala kwa jina?

Swali hili si la watu wa pwani peke yao. Sisi tukaao pande za Bulyanhulu, Kahama na Geita twanunua kila siku vitu ambavyo hatukuona vikiundwa: sabuni, dawa, mafuta ya kupaka, nyaya za umeme. Hatuwezi kuvipasua tuone yaliyo ndani. Twanunua kwa kuamini tu, na kuamini kwetu ndiko kumtiako fedha mfukoni mwenye kiwanda.

Katika mwezi wa Agosti 1928, mjini Paisley katika nchi ya Uskoti, mwanamke mmoja jina lake May Donoghue aliketi mkahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia soda ya tangawizi, nayo ilikuwa katika chupa ya kioo cheusi kisichoonyesha ndani. Akanywa kiasi, na iliyobaki ilipomiminwa, kwa maneno yake mwenyewe, alitoka konokono aliyeoza. Akaugua, akamshtaki mtengenezaji. Mtengenezaji akajibu kwamba hakufanya mapatano yo yote na mama huyu, wala si yeye aliyeinunua soda. Katika sheria ya zamani jibu hilo lilikuwa na nguvu. Lakini tarehe 26 Mei 1932 Baraza la Malodi la Uingereza, waamuzi watatu wakikubali na wawili wakikataa, lilikata kwamba mtu aundaye chakula au kitu kingine na kukipeleka kwa mtumiaji, pasipo nafasi ya kukikagua njiani, yampasa kuangalia kisimdhuru. Habari ya konokono yenyewe haikupata kuthibitishwa kortini, ila kanuni ilisimama, na nchi nyingi zilizopokea sheria ya Kiingereza zimeifuata.

Lodi Atkin, mmoja wa waamuzi wale, alilichukua swali ambalo mwana-sheria alimwuliza Bwana wetu kabla ya kupewa mfano wa Msamaria: jirani yangu ni nani? Naye akafundisha kwamba mbele ya sheria jirani ni kila mtu ambaye tendo langu laweza kumgusa, hata imenipasa kumfikiri kabla sijatenda.

Basi turudi kwetu. Katika nchi hii ya dhahabu ni nani asiyeijua zebaki? Mchimbaji mdogo huichanganya na mawe yaliyosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mapafuni. Yatetemesha mikono, yaharibu mafigo, yadhuru na mtoto aliye tumboni. Katika miaka ya 1990 tabibu Masazumi Harada wa Japani, aliyejulikana kwa kuuchunguza ugonjwa wa Minamata, alipima pamoja na wenziwe nywele za wachimbaji wa dhahabu, za wavuvi wa Ziwa Viktoria na za watu wa mji wa Mwanza. Habari yao ilitolewa mwaka 1999. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi mno walikuwa na desturi ya kuoga kwa sabuni yenye zebaki, na sabuni hiyo ndiyo iliyoshukiwa.

Sabuni za namna hiyo, za kung'arisha ngozi, ziliundwa Ulaya. Hapa ndipo penye uchungu. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1976 ilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wa huko, isipokuwa kiasi kidogo katika vipodozi vya macho. Lakini katazo la kuzipeleka sabuni hizo nchi za nje liliwekwa mwaka 2003. Je, mtu aliyeziuza ng'ambo katika miaka hiyo hakukosa, kwa kuwa hakuna sheria aliyoivunja? Sheria ya kwao ilikwisha kumwambia kwamba kitu hiki hakifai ngozi ya jirani wa mlango wa pili. Hawezi kusema hakujua. Aweza kusema tu kwamba jirani wa mbali hakumhesabu.

Wako wasemao: Mnunuzi alitaka mwenyewe kuwa mweupe. Ni kweli, alitaka weupe, hakutaka sumu. Mchimbaji aishikaye zebaki aiona iking'aa kiganjani. Mwenye kuoga haioni. Kuidharau rangi tuliyoumbwa nayo ni kosa, na tulionye nyumbani mwetu. Hata hivyo kosa la mmoja halifuti deni la mwingine.

Naye mwenye duka husema: Mimi nauza tu. Lakini mwenye kiwanda yu mbali, na mara nyingine jina lake halimo hata katika karatasi ya sabuni. Aliyeumia pale Kakola atamwona nani, ila aliyemwuzia? Kwa hiyo yampasa muuzaji kuuliza kabla ya kupanga bidhaa rafuni.

Siku hizi hatukosi msaada. Shirika la Viwango liliwekwa kwa sheria ya mwaka 1975. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yataja wajibu wa watengenezaji na kurudishwa kwa bidhaa zenye hatari. Na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, wazikataza sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mtu akidhurika, na aitunze risiti na karatasi ya bidhaa, maana pasipo ushahidi mwamuzi hana la kushika.

Walakini korti huja baada ya jeraha, wala fidia hairudishi figo lililokufa. Kwa hiyo neno hili latuhusu sote: mama apikaye togwa ya kuuza, fundi aungaye nyaya, kijana achomeleaye ngazi. Kabla hujakitoa kitu mkononi, jiulize kama ungekubali mtoto wako akitumie. Kama hungekubali, usimpe mtoto wa mwenzio, hata akikaa ng'ambo ya bahari.