Aliyeachishwa Kazi Asiachishwe Nyumbani

Wapenzi wanandoa, leo tutafakari jambo ambalo limebisha hodi katika nyumba nyingi. Mmoja wenu anapoachishwa kazi, anapoteza nini hasa? Na mwenzake anadaiwa nini? Swali hili linamhusu kila mwenye ajira, lakini tulitazame kwa muuguzi aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa muda mrefu, kwa maana jeraha lake ni la ndani sana na mara nyingi halionekani.

Mnakumbuka yaliyotokea. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada kwa nchi za nje kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi ikaamriwa ifunge milango. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, ulikuwa ukilipa mishahara ya wahudumu wengi wa kliniki nchini Kenya. Wauguzi, washauri na makarani wakarudishwa nyumbani kabla hata ya kuwaaga wagonjwa wao. Mtikisiko huo ulifika mpaka kwetu Ukambani. Kitui na Makueni wapo waliorudi nyumbani na sare iliyopigwa pasi vizuri, lakini isiyo na mahali pa kuvaliwa.

Mambo matatu yanayopotea

La kwanza ni mshahara. Hili kila mtu huliona. Karo inadaiwa, mkopo wa chama cha akiba unakatwa, mwenye duka anafungua daftari.

La pili ni jina. Kijijini muuguzi huitwa "daktari" hata kama yeye mwenyewe anakataa. Huamshwa usiku mtoto akishikwa na homa. Kanisani hutengewa nafasi, na katika mikutano ya harusi huulizwa maoni. Siku kazi inapokwisha, yeye hajui tena watu wanamwona nani.

La tatu ni watu. Mgonjwa wa ARV haji kliniki siku moja akapona akaenda zake. Huja miezi na miaka. Muuguzi wake anajua nani amemwambia mumewe ukweli na nani anaficha vidonge ndani ya mkebe wa unga. Anajua nani anapita kliniki ya karibu akaenda ya mbali ili jirani asimwone. Mambo kama hayo hayaandikwi katika faili na hayawezi kukabidhiwa kwa barua. Basi muuguzi anapokaa kimya jioni, msidhani anahesabu fedha tu. Huenda anajiuliza yule msichana wa miaka 16 anameza dawa au ameacha.

Hapo ndipo wawili hukosana. Aliyebaki na mapato anahesabu shilingi, na aliyeachishwa anahesabu watu. Kila mmoja anamwona mwenzake kuwa na moyo mgumu.

Mbuzi wa Tobiti

Someni tena mwanzo wa Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti alikuwa mtu wa sadaka, aliyewazika wafu wa kabila lake. Akapofuka, asiweze kufanya kazi. Mkewe Anna akaanza kufuma kwa ujira. Siku moja waajiri wake wakamlipa, tena wakamwongezea mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mbuzi akilia uani, akamshtaki mkewe kwamba amemwiba, wala hakumwamini alipoeleza. Anna naye akamjibu kwa uchungu, akimwuliza ziko wapi sasa sadaka na matendo yake mema.

Angalieni vizuri: siku hiyo nyumba ile haikukosa kitoweo. Ilikosa heshima. Mume aliyezoea kutoa aliona aibu kupokea, na aibu yake ikageuka kuwa tuhuma. Mke aliyechoka kubeba nyumba akapiga mahali palipouma zaidi, yaani wema wa mumewe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mume na mke wanaoogopa.

Tusifukuze mara ya pili

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Heshima ya kazi inatoka kwa yule anayeifanya. Kama ni hivyo, mwajiri akichukua kazi, heshima haendi nayo. Hakuipa yeye, hawezi kuichukua.

Lakini mwenzi wa ndoa anaweza kuijeruhi. Mwajiri humfuta mtu kazi mara moja kwa barua. Nyumbani anaweza kufutwa kila siku bila barua. Anafutwa anapoambiwa, "Wewe unakaa tu, hebu nenda ukachote maji." Anafutwa anapolazimika kuomba fedha ya sabuni kama mtoto, au shule ya watoto inapobadilishwa bila kuulizwa. Anafutwa mume anapowaambia ndugu zake, "Siku hizi nalisha peke yangu." Na muuguzi akiwa ni mume, anafutwa mke anapomlinganisha na bwana wa jirani.

Tena aliyeachishwa anaweza kujifuta mwenyewe. Wapo wanaoficha barua, wanavaa kila asubuhi na kwenda mjini kukaa tu. Wapo wanaokopa kwa simu kwa siri ili mwisho wa mwezi uonekane kama zamani. Upendo unaodhani unamlinda mwenzi kwa uongo humwacha peke yake bila yeye kujua. Habari hiyo ielezwe siku ileile, kabla jua halijatua.

Wagonjwa wakibisha hodi

Kuna swali gumu zaidi. Wagonjwa wa zamani watamfuata nyumbani. Je, awahudumie bure? Mume atasema, "Mama watoto, hawa watakumaliza, na hakuna anayekulipa." Mke atasema, "Nitawafukuzaje?"

Wote wawili wana haki kiasi. Mfanyakazi anastahili ujira wake, na huruma isiwe njia ya kumfanya mtu mmoja abebe mzigo ambao serikali na jamii wameutupa chini. Lakini jirani mgonjwa si mteja wa mradi uliofungwa. Basi mwelekezeni kliniki iliyo wazi, msindikizeni kama anaogopa, mpigieni simu mjue kama alipata dawa. Msigeuze sebule kuwa zahanati ya siri, kwa maana hilo ni hatari kwa mgonjwa na ni kinyume cha sheria. Zaidi ya yote, kubalianeni pamoja saa na kiasi. Ukarimu ambao mmoja anaulazimisha na mwingine anaununia hautadumu.

La kufanya

Ketini na karatasi moja, si mbili. Andikeni madeni yote, hata yale ya aibu. Mwende pamoja kwa mkopeshaji na kwa mwalimu mkuu kabla hawajawaita. Msiuze shamba wala mifugo wote katika mwezi wa kwanza wa hofu. Leseni ya Baraza la Wauguzi isiachwe iishe, hata kama lazima mjinyime kitu kingine, kwa sababu bila hiyo mlango mpya ukifunguka hataweza kuingia. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki, bila kumfanya asiye na ajira kuwa mtumishi. Na msione haya kuiambia jumuiya yenu ndogo ya Kikristo. Wazee wetu walilima kwa mwethya, wala hakuna aliyedharauliwa kwa kuwa zamu hii ni shamba lake linalosaidiwa.

Wakulima wetu wa ndengu na mbaazi wanajua kwamba mvua ikikosa msimu mmoja, shamba halihamishwi jina. Bado ni shamba la nyumba ile, na mbegu hutunzwa. Mtunzeni hivyo aliyeachishwa kazi.

Jadilianeni wawili

1. Ni neno gani nililosema tangu kazi ilipokwisha ambalo lilikuumiza?

2. Unamkumbuka mgonjwa gani zaidi? Nisimulie bila kutaja jina lake.

3. Ni deni gani ambalo bado hatujaliandika kwenye karatasi yetu?